Eldoret: Mbio za kusaka sabuni ya uso katika mji wa wakimbiaji

Ukitaja Eldoret, wengi hufikiria mbio, na wana haki. Mji huu wa Uasin Gishu, ulioko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ndiko wanakoshuka kufanya shughuli zao wanariadha wanaojinoa Iten, Kaptagat na vijiji vya Nandi. Lakini mgeni akikaa mjini siku mbili tatu, hasa wakati vyuo vimefunguliwa, ataona mbio nyingine zisizo na medali wala refa. Hizi ni mbio za vijana wanaotafuta kitu cha kuoshea uso ili chunusi ziwaondokee.

Usicheke, msomaji. Kuna vijana ambao huenda darasani wameinamisha vichwa, wengine hukataa kupigwa picha, na wengine hutumia pesa za chakula kununulia sabuni na krimu. Baya zaidi, wako wanaoanza na kipele kimoja cha kawaida na kuishia na ngozi iliyoharibika kabisa kwa sababu ya dawa waliyoinunua. Ndiyo sababu ukurasa huu leo unawatembeza wasomaji katika mji wa Eldoret wakiwa na swali moja tu: mwenye uso wa chunusi anunue nini, na aache nini?

Mji wa nambari

Kwanza tuufahamu mji wenyewe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba la walowezi lililojulikana kwa nambari 64, na watu wakapaita mahali hapo "Sixty Four", jina ambalo wenyeji walilitamka Sisibo. Mwaka 1912 ndipo ulipopewa jina la Eldoret, linalosemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto huo ni Sosiani, ambao hadi leo unapita mjini juu ya miamba yake. Reli ilifika mwaka 1924. Miaka mia moja baadaye, tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ikatangazwa rasmi kuwa jiji la tano la Kenya.

Kilichobadilisha sura ya mji zaidi ya reli ni elimu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na makao yake makuu yako Kesses, nje ya mji. Chepkoilel kuna Chuo Kikuu cha Eldoret. Ongeza vyuo vya ufundi, vyuo vya uuguzi na shule za bweni zilizotapakaa kote, nawe utaelewa kwa nini jioni barabara za mji hufurika vijana wa kike na wa kiume.

Na palipo na vijana, chunusi hazikosi. Vitabu vya tiba hukadiria kwamba asilimia 85 hivi ya watu wenye umri wa kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiasi fulani. Kwa hivyo kijana mwenye chunusi asijione kama aliyelaaniwa. Asiyepata hata moja ndiye wa ajabu.

Chunusi si uchafu

Kabla ya kuingia dukani ni vyema kujua adui ni nani. Chini ya ngozi mna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta ya kulainisha ngozi na nywele. Mtoto anapobalehe, homoni huviamuru vifuko hivyo viongeze mafuta. Wakati huohuo chembe za ngozi iliyokufa hushikana na kuziba vitundu ambamo mafuta hutokea. Bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi bila kumdhuru mtu huzaana ndani ya kitundu kilichozibwa, mwili unapigana nao, na hapo ndipo uvimbe, wekundu na usaha hutokea.

Ukiyafahamu hayo utaona kwamba chunusi hazitokani na uchafu wala "damu chafu". Pia haziletwi na mawazo ya mapenzi, kama wanavyotaniana wanafunzi bwenini. Vile vitone vyeusi puani si vumbi la barabarani. Ni mafuta na chembe za ngozi zilizogeuka nyeusi baada ya kukutana na hewa. Basi anayejisugua kwa jiwe, kwa sifongo ngumu au kwa sabuni kali mara tano kwa siku anapigana vita ambavyo havipo. Atakwangua ngozi ya juu, lakini kitundu kilichozibwa kitabaki vilevile.

Hapa Eldoret kuna sababu nyingine ya kutojikwaruza. Hewa ya nyanda za juu ni baridi, na miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, huwa na upepo mkavu na vumbi. Ngozi hupasuka upesi. Kijana anakuwa na uso wenye mafuta na chunusi, lakini mashavu yanambana na kumwasha kama ngozi ya ngoma. Akiongeza sabuni kali, hali huzidi kuwa mbaya.

Barabarani na sokoni

Jioni ikiingia, katikati ya mji wachuuzi hutandaza vitu vyao kandokando ya barabara: soksi, vitana, miwani, na katikati yake sabuni na krimu za kila rangi. "Karibu kastoma, hii ni orijino!" ndiyo salamu. Baadhi ya pakiti zina picha ya mwanamke mwenye uso unaong'aa kama kioo, na ahadi kwamba chunusi zitatoweka kwa siku saba.

Si kila kitu cha barabarani ni kibaya, wala si kila mchuuzi ni mlaghai. Mchuuzi anatafuta riziki kama wewe. Lakini kitu cha kupaka usoni kina masharti yake. Je, kina orodha ya vilivyomo? Kina jina na anwani ya mtengenezaji? Kina tarehe ya kuharibika, na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa la Kenya, KEBS? Kimekaa juani kutwa nzima? Kikikosa majibu hayo, kirudishe ulikokitoa. Bei nafuu si nafuu ikiwa utalipa mara ya pili hospitalini.

Sokoni nako kuna tiba zake. Utaambiwa ukamue limau usoni, upake dawa ya meno usiku, au unawe kwa sabuni ya kipande ileile ya kufulia. Limau lina asidi kali, na ukitoka juani nalo ngozi inaweza kuungua na kuacha baka jeusi. Dawa ya meno ilitengenezewa meno, nayo huchoma ngozi. Sabuni ya kufulia ilitengenezewa kuondoa matope kwenye jinzi, si kwenye shavu la msichana wa kidato cha pili.

Katika nchi hii ya ng'ombe wa maziwa hatuwezi kuisahau Arimis, mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo Wakenya wengi wameyafanya mafuta yao ya kujipaka. Kwa mikono na visigino vilivyopasuka kwa baridi, mafuta mazito ya aina hiyo husaidia sana. Lakini uso wenye chunusi hauhitaji kupakwa mafuta mazito, yawe ya aina gani. Hali kadhalika mafuta ya nywele: yakiteremka hadi kwenye paji la uso huleta vipele vidogo vidogo penye ukingo wa nywele. Dada aliyesukwa akapakwa mafuta mengi kichwani asishangae akiona paji la uso limejaa, hata kama ameosha uso vizuri.

Ndani ya duka kubwa

Sasa tuingie katika maduka makubwa ya mjini. Wiki ya kufungua shule, wazazi husukuma vikapu wakiwa na orodha ndefu: karatasi za choo, dawa ya meno, sabuni, mafuta. Kwa mtoto mwenye chunusi, mzazi aghalabu husimama mbele ya rafu ya sabuni za uso akiduwaa, kwa maana ziko nyingi na kila moja inajisifu.

Kanuni ya kwanza ni hii: kazi ya sabuni ya uso ni ndogo. Kazi yake ni kuondoa jasho, vumbi na mafuta ya ziada bila kuumiza ngozi. Sabuni hukaa usoni dakika moja tu kisha inaoshwa, kwa hivyo haiwezi kubadilisha homoni wala kufuta kovu. Ikifanya kazi yake ndogo vizuri, imetosha.

Kanuni ya pili ni kuchagua iliyo pole. Ngozi yetu ina asidi kidogo, kiasi cha kipimo cha 5 hivi. Sabuni nyingi za kipande za kawaida zina magadi na hufikia kipimo cha 9 au 10. Hizo huondoa hata mafuta yale ambayo ngozi inayahitaji kwa kujikinga. Sabuni za uso za maji, na vipande vilivyotengenezwa bila magadi, huwa karibu zaidi na kipimo cha ngozi. Tafuta isiyo na manukato makali, na iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu vya ngozi. Epuka zenye chembechembe za kukwaruza, hasa kama una vipele vilivyoiva. Sabuni zinazosifiwa kuua viini vyote nazo si lazima, maana nyingi hukausha mno.

Kuna jaribio rahisi. Baada ya kunawa na kujifuta, subiri dakika kumi bila kupaka chochote. Uso ukikubana na kuwasha, sabuni hiyo ni kali mno kwako, hata kama rafiki yako inampendeza. Ukiwa na mafuta tele papo hapo, pengine ni dhaifu. Ukiwa mtulivu, umepata. Tena, sabuni mpya usiipake uso mzima siku ya kwanza. Ijaribu sehemu ndogo chini ya taya kwa siku mbili tatu.

Kwenye kemisti

Ikiwa sabuni ya kawaida haikutosha, nenda kwenye duka la dawa lenye leseni na umwulize mhudumu. Zipo dawa mbili ambazo huwekwa katika sabuni za chunusi na ambazo manufaa yake yanajulikana.

Ya kwanza ni asidi ya salisiliki, ambayo huwa kati ya asilimia 0.5 na 2. Hii hupenya kwenye mafuta na kulegeza chembe zilizoziba kitundu. Huwafaa wenye vitone vyeusi na vipele vidogo visivyo na usaha. Ya pili ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria wa chunusi, na huwafaa wenye vipele vyekundu na vya usaha. Anza na kiwango cha chini, kama asilimia 2.5 au 5, kwa sababu kiwango cha juu huwasha zaidi bila lazima kuponya zaidi. Tahadhari moja ya nyumbani: dawa hii huchujua nguo. Sweta ya shule, taulo na foronya huweza kupata madoa meupe yasiyotoka. Tumia taulo nyeupe, na unawe vizuri kabla ya kuvaa.

Usinunue zote mbili siku moja ukidhani utapona mara mbili. Chagua moja, itumie mara moja kwa siku, kisha ongeza ngozi ikizoea.

Kuhusu namna ya kunawa, mara mbili kwa siku zatosha, asubuhi na jioni, na mara nyingine moja ukitokwa na jasho jingi. Hapo mwanariadha anayerudi kutoka mazoezini ana sababu ya kunawa mapema kuliko mwenzake aliyeketi maktabani. Tumia vidole, usitumie sifongo. Maji yawe vuguvugu. Tunajua baridi ya asubuhi ya Eldoret mwezi wa Julai na jinsi beseni la maji moto linavyotamanisha, lakini maji ya moto sana hukausha ngozi. Jifute kwa kugusagusa, kisha upake losheni nyepesi. Naam, hata uso wenye mafuta unahitaji losheni, ila iwe nyepesi.

Na usisahau jua. Baridi ya mji huu hudanganya. Eldoret iko karibu na ikweta na juu sana, na miali ya jua inayodhuru ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kofia yenye ukingo mpana au losheni ya kukinga jua ni msaada mkubwa, hasa kwa sababu tutakayoieleza sasa.

Alama nyeusi na mtego wake

Kwenye ngozi nyeusi, kipele kikipona mara nyingi huacha alama nyeusi ambayo hudumu kwa majuma na hata miezi. Kwa wengi wetu alama hizi huudhi kuliko chunusi zenyewe. Hufifia polepole zenyewe, ingawa jua na kubinyabinya huzifanya ziwe nyeusi zaidi. Lakini kijana hana subira, na hapo ndipo mtego uliwekwa. Aliyeingia dukani kutafuta sabuni ya chunusi hutoka na krimu ya "kung'arisha", yaani ya kujichubua.

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, kuhusu watu wazima waliougua figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujing'arisha zenye zebaki. Watu hao walitaka uso mweupe, wakapata miguu iliyovimba na figo zinazovuja. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Na katika Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani uliodhurika vibaya kwa sumu hiyo, mataifa yaliahidi kukomesha vipodozi vya zebaki. Hata hivyo, bidhaa hizo hazijaisha katika masoko ya Afrika Mashariki.

Mdanganyifu mwingine ni steroidi, dawa kali ya ngozi ambayo daktari huiagiza kwa magonjwa maalumu na kwa muda mfupi. Kwenye tyubu huandikwa majina kama betamethasoni au klobetasoli. Mwenye chunusi akiipaka, wiki ya kwanza anafurahi: wekundu umepungua, uso umelainika, marafiki wanamsifu. Baada ya miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na chunusi mpya zinafurika. Akiacha kupaka, uso unawaka moto, naye anarudi dukani kununua tyubu nyingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo sheria iwe moja: sabuni au krimu ya chunusi inayoahidi pia kukufanya mweupe, iache hapo hapo. Anayetibu chunusi hana haja ya kubadilisha rangi yako.

Nandi Road

Mwisho wa safari yetu ni Nandi Road, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60, na leo inahudumia watu wa eneo zima la magharibi mwa Kenya. Si lazima kila mwenye kipele akapange foleni huko. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe au zahanati ya chuo, nao watakuelekeza kwa daktari wa ngozi ikihitajika.

Lakini nenda bila kuchelewa ikiwa chunusi ni mavimbe makubwa yenye maumivu, ikiwa zinaacha makovu ya mashimo, au ikiwa umetumia dawa ya kemisti kwa wiki 8 hadi 12 bila nafuu. Msichana ambaye hedhi zake hazieleweki na anaota ndevu pamoja na chunusi naye aende, kwani huenda homoni zake zinahitaji kuchunguzwa. Kijana wa kiume mwenye vipele shingoni na kidevuni baada ya kwenda kwa kinyozi ajue kwamba huenda hizo si chunusi, bali nywele zinazojikunja na kuchoma ngozi, na sabuni ya chunusi pekee haitamsaidia.

Daktari ana dawa za kupaka na za kumeza zinazofanya kazi. Baadhi ya hizo za kumeza haziruhusiwi kabisa kwa mja mzito, maana humdhuru mtoto tumboni. Ndiyo sababu si busara kuazima vidonge vya mwenzako wa bweni.

Wazazi nao wana sehemu yao. Usimwambie mtoto wako kwamba chunusi ni kwa sababu hanawi, wala usimwite kwa jina la utani mbele ya wageni. Mtoto anayechekwa nyumbani ndiye anayekimbilia tyubu ya siri. Afadhali ununue naye, msome pamoja lebo, na mhesabu wiki pamoja.

Kwani hata sabuni nzuri na dawa nzuri hazionyeshi matunda kabla ya wiki sita au nane. Katika mji huu wanalijua hilo kuliko mahali pengine popote. Hakuna mwanariadha wa Iten aliyeanza mazoezi Jumatatu akashinda marathoni Ijumaa. Sabuni moja iliyo pole, kunawa mara mbili kwa siku, mikono mbali na vipele, kofia juani na subira: hayo ndiyo mazoezi yenyewe, na gharama yake ni ndogo kuliko tyubu zote zilizotandazwa kandokando ya barabara.